Mkono au Mchepuko

Tarehe 12 Februari

Kitinda wangu,

Usishtuke kuona bahasha badala ya simu. Kwenye simu unaniburuza. Nikianza sentensi unaimalizia wewe, halafu nakata simu nikiwa nimekubali jambo ambalo sikulisikia vizuri. Hili nataka ulisome mwanzo hadi mwisho ukiwa umefunga mdomo.

Nimekata shauri. Nafanyiwa operesheni ya kupunguza uzito. Ndiyo, mimi, niliyekucheka ulipofanyiwa yako, nikakwambia umekwenda kushonwa mdomo hospitali. Cheka sasa, halafu tuendelee.

Kilichonifikisha hapa unakijua. Sukari imepanda hadi sindano zinaikimbiza haziifikii, vidole vya mguu wa kushoto sivihisi nikivaa kandambili, na nikilala chali kiungulia kinapanda mpaka masikioni. Juzi nilishindwa kuinama kutoa trei ya chini kwenye oveni. Binti yangu ndiye aliyeitoa, mimi nimesimama pembeni kama mgeni kwenye jiko langu mwenyewe. Nikamkumbuka Mama na ule mguu waliomkata. Nikaenda hospitali bila kusukumwa na mtu.

Kumbe operesheni zenyewe si moja! Daktari wa upasuaji, kijana mpole mwenye vidole vya mpambaji keki, alinichorea zote kwenye karatasi. Ya puto la kuwekwa tumboni na ya pete ya kulibana tumbo alizipiga mstari mwenyewe, akasema kwa hali yangu tutapoteza muda. Zikabaki mbili. Ya kwanza anaiita mkono, yaani mkono wa shati. Wanalikata tumbo kwa urefu, linabaki jembamba namna hiyo, na kipande kikubwa kinatolewa nje, hakirudi tena. Ya pili ni mchepuko, kama barabara ya mchepuko. Wanatengeneza kifuko kidogo kule juu, wanapandisha utumbo na kuuunganisha hapo, chakula kinapita njia hiyo mpya. Hapo hakitolewi kitu. Tumbo la zamani linabaki humo ndani limekaa tu, kama mzee aliyestaafu na bado anakuja ofisini.

Nilipomwambia shemeji yako kwamba daktari ananishauri nipate mchepuko, chai ilimtoka puani.

Daktari anasema kwa sukari yangu na kiungulia changu, mchepuko ndio bora. Mkono nao unapunguza sukari, ila si kwa kiasi hicho, na kiungulia unaweza hata kukiongeza. Lakini mchepuko una ugomvi na vitu vitamu. Sukari inashuka kwenye utumbo moja kwa moja, na kuna watu moyo unawaenda mbio, jasho linawatoka, tumbo linawakata mpaka walale chini. "Si wote," akasema. "Wengine hawapati kabisa. Siwezi kukuahidi upande wowote." Akaniachia nichague mwenyewe.

Kitinda, kazi yangu unaijua. Mimi sipimi, naonja. Krimu naipiga, naonja, naongeza kidogo, naonja tena. Wateja hawaji kwa uzuri wa duka, maana kioo chenyewe kimepasuka na nimekiziba kwa gundi. Wanafuata ulimi huu. Nisipoweza kuonja, nitabaki kuwa mama mnene aliyepungua, basi.

Wewe umeshapita huko. Daktari ana vitabu, wewe una tumbo lenyewe. Niambie, vitu vitamu unakula? Na vikiingia inakuwaje? Usinijibu kwa maneno ya ofisini kwenu. Nijibu ukiwa umeshika mwiko.

Dada yako mkubwa (kwa sasa mkubwa sana),
Mama Keki


Tarehe 25 Februari

Dada yangu mpenzi,

Nimesoma nikiwa nimefunga mdomo, na ilikuwa kazi ngumu.

Umenipeleka mbali na huo mwiko. Nimemwona Mama kabisa, katusimamisha jikoni, kila mmoja kwa zamu yake ashike ule mwiko mrefu wa kupikia na aseme nani kamega mkate. Aliyedanganya huku ameushika alijua utamshukia wapi. Nadhani ndiyo maana tukakua hatuwezi kudanganyana. Hapa kwa wakili nikiona mteja anaapa kwa mbwembwe natamani nimletee mwiko.

Basi nimeshika mwiko, nakujibu. Tangu nifanyiwe operesheni yangu, keki nakula. Si kipande cha kujaza sahani, lakini nakula. Soda napiga mafunda mawili matatu. Moyo wangu haujawahi kwenda mbio, jasho halijanitoka, na sijawahi kulala chini kwa sababu ya kitu kitamu hata siku moja. Hiyo ndiyo kweli ya tumbo langu.

Na ushauri wangu, chukua mchepuko. Usiyumbe. Daktari amekueleza wazi kuwa kwa sukari yako ndio bora, na kiungulia kitakwisha. Hayo ya "wengine hivi, wengine vile" usiyabebe kichwani. Wanatakiwa kutaja kila kitu, hata kile kinachompata mtu mmoja huko mwisho wa dunia. Mawakili wetu nao ndivyo wanavyoandika.

Mimi nimeshampoteza Mama kwa ugonjwa huo. Sitaki kukupoteza wewe. Nakuomba.

Mdogo wako,
Kitinda


Tarehe 9 Machi

Kitinda,

Umeniokoa. Nakuambia ukweli, nilikuwa nimeshaegemea mkono. Nilisema bora kiungulia, nitalala nimekaa, kuliko kuuaga ulimi wangu. Nilikuwa hata nimeshamtayarishia daktari hotuba.

Barua yako ilipofika niliisoma nikiwa nimesimama, unga mpaka kwenye viwiko. Nikaisoma tena. "Hata siku moja." Nikavua aproni, nikaenda hospitali, nikasaini mchepuko. Daktari akaniuliza kama suala la vitu vitamu nimelitafakari. Nikamwambia nina mdogo wangu amepita njia hiyo na keki anakula. Akasema basi, kila mwili na mambo yake, akanikumbusha tena kuwa haahidi kitu. Nikamwona mwoga tu.

Jioni nilimsomea shemeji yako barua yako. Alitoka nje, aliporudi macho yalikuwa mekundu. Eti vumbi la unga. Mwanaume huyu ameishi na unga wangu tangu tuoane, leo ndiyo umemwingia machoni! Sikujua ananipenda kiasi hicho. Nilijisikia vizuri, nisikufiche.

Tarehe yangu ni katikati ya mwezi ujao. Njoo unishike mkono. Omba ruhusa kwa huyo wakili wako, mwambie dada yako anakwenda kupata mchepuko halali.

Wako,
Mama Keki


Tarehe 2 Juni

Kitinda,

Najua ulinyimwa ruhusa, na simu zako zilinifikia, ila nilikuwa sina pumzi ya maongezi. Sasa ninayo.

Nianze na mazuri. Sindano za sukari wamenisimamisha. Zote! Kiungulia kilikwisha wiki ile ile, nikawa naamka nakitafuta. Trei ya chini naitoa mwenyewe, na vidole vya mguu vimeanza kuhisi. Nguo zangu zimekuwa mahema, binti yangu ananipunguzia moja baada ya nyingine. Nikipita mtaani, wale wanaume wa gereji wananisalimia kwa heshima mpya, na shemeji yako anaanza kutembea karibu nami.

Sasa ya pili. Wiki hizi za kwanza nilikatazwa sukari, nikatii, binti akawa anaonja yeye. Wiki iliyopita tulipata oda ya keki ya harusi, kubwa. Binti anasema krimu tamu. Binti huyu kila kitu kwake ni tamu, ukimpa gundi ya dirisha atasema tamu. Nikasema ngoja nionje mwenyewe, Kitinda anakula vipande, mimi ncha ya kijiko itanifanya nini. Nikaonja. Nikaongeza siagi. Nikaonja tena, kama ninavyofanya siku zote, ikabaki kidogo tu ikae sawa.

Haikupita muda, moyo ulianza kugonga kama mtu anayetaka kufunguliwa. Jasho likanitoka, chumba kikazunguka, tumbo likanikata. Nikalala sakafuni kati ya magunia ya unga, na bwana harusi mwenyewe amesimama kaunta anauliza kama amekuja siku mbaya. Binti alinimwagia maji. Nilipoinuka nilijaribu kucheka, nikashindwa.

Nimejaribu tena mara nyingine, kidogo zaidi. Ni vilevile. Keki ile aliimalizia binti, ikaenda harusini nikiwa sijui ladha yake, na nimesikia watu waliiacha kwenye sahani.

Niambie ulifanyaje wewe. Mwanzo ulikuwa unaanguka, halafu ikaisha? Kuna dawa? Unakula kwanza kitu gani? Wewe ndiye pekee ninayeweza kumuuliza bila aibu.

Dada yako


Tarehe 15 Juni

Dada yangu,

Pole sana. Nimesoma barua yako nikalia, ukweli nililia mezani kwangu na wakili akanipa kitambaa.

Usiwe na haraka. Mwili unajifunza. Kunywa maji polepole, pumzika, waachie wengine kuonja kwa sasa. Binti ataelewa, wewe mfundishe. Cha muhimu ni kwamba sindano zimeisha! Hebu fikiria Mama angekuona leo.

Na huzuni unayoisikia ni kawaida. Mimi siku za mwanzo nilikuwa nakililia kile kipande cha tumbo walichokitoa. Najua ni upuuzi, lakini nilikuwa najiuliza kiko wapi sasa, wamekichoma au wamekizika, na mbona hakuna aliyeniuliza kama nataka kukiaga. Na wewe yako itapita hivyo hivyo. Baada ya muda hata hukumbuki.

Nakupenda.

Kitinda


Tarehe 27 Juni

Kitinda,

Kipande gani?

Kwenye mchepuko hawatoi kitu. Daktari alinichorea, na mimi nilikuandikia. Tumbo langu lote ninalo, lipo humu limestaafu. Anayetolewa kipande ni mtu wa mkono.

Wewe ulifanyiwa ipi?

Nijibu mstari mmoja unatosha.

Dada


Tarehe 8 Julai

Dada,

Mkono.

Naomba usiichane barua hii hapo. Naomba usome mpaka mwisho.

Kabla hujaniandikia ile barua ya kwanza, shemeji alinipigia simu. Alikuwa analia, Dada. Sijawahi kumsikia mwanaume akilia vile. Alisema ulipokuwa umelala alikufinya kidole cha mguu kwa nguvu na hukuamka. Akasema daktari amesema mchepuko, na wewe umeshika mkono, na sababu yenyewe ni krimu. Akasema, "Shemeji, mimi hanisikii. Wewe atakusikia. Ukimwambia kitu chochote kibaya kuhusu mchepuko, huyu tunamzika." Barua yako ikafika ukiniomba nishike mwiko. Nilikaa nayo siku nyingi.

Soma tena nilichokujibu. Nilisema tangu nifanyiwe operesheni yangu, keki nakula. Ni kweli. Nilisema hiyo ndiyo kweli ya tumbo langu. Ni kweli. Sikusema popote kwamba yangu ilikuwa mchepuko. Kwenye ile barua hakuna neno hata moja la uongo. Kwa kuwa nilikuwa nimeshika mwiko, sikuweza kukudanganya.

Na leo uko hai, sindano zimesimama, vidole vimeanza kuhisi. Ingekuwa ni kurudi nyuma, sijui kama ningefanya tofauti. Lakini nakuomba radhi kwa machungu. Niruhusu nije tuongee ana kwa ana.

Mdogo wako


Tarehe 30 Julai

Wewe,

Nilisoma tena, kama ulivyonielekeza. Nimeikagua neno kwa neno, na ni kweli, uongo haumo. Umeipanga vizuri. Ungenidanganya waziwazi ingeniuma kidogo. Ningesema Kitinda aliogopa, mdomo ukamponyoka. Lakini wewe ulikaa na kalamu siku nyingi, ukachagua maneno moja baada ya jingine, hili lina mwanya, hili halina, mpaka ukapata njia ya kunipitisha nisiione. Ulimtumia Mama kunidanganya, halafu unataka sifa kwamba hukumdanganya Mama. Haya umejifunza kwa huyo wakili, na umefaulu kuliko yeye.

Nimeumia. Sina namna nyingine ya kulisema. Nimeumia kuliko nilivyoumia kwenye lile jeraha la operesheni.

Nilimuuliza shemeji yako. Nilimuuliza akiwa juu ya ngazi anabadilisha taa ya dukani, makusudi, ili asipate pa kukimbilia. Hakukana. Alishuka taratibu, akasema, "Nilitaka uishi." Nikamwambia kuishi nilikuwa nataka na mimi, sikuwa nimeandika barua ya kufa. Nilikuwa nauliza njia. Akasema mimi ni mbishi. Ni kweli, mimi ni mbishi, na mbishi huwa anabishiwa. Angekuja akanifokea, akapiga meza, akanilia mimi badala ya kukulilia wewe kwenye simu. Yale machozi yalikuwa yangu. Kumbe siku ile ya vumbi la unga hakuwa akilia kwa mapenzi. Alikuwa anaona jinsi mlivyonipata.

Halafu kinachonikera zaidi ni kwamba nilipotania habari za mchepuko wote mlicheka nami. Nyie ndio mlikuwa na njia ya pembeni, mkinizunguka mimi, mume wangu na mdogo wangu. Ningewafumania na jambo lile jingine, angalau watu wangenielewa nikilia. Hili nikimweleza jirani anasema, "Lakini si umepona?"

Ndiyo, nimepona. Hilo ndilo mnalonizibia mdomo.

Mteja wangu wa siku nyingi, yule mwalimu mkuu anayechukua keki ya kufunga shule kila muhula, amerudisha boksi. Hakugomba. Alisema tu, "Mama Keki, hii si yako." Nikalipokea boksi. Sikujua kama anasema kweli, kwa sababu sikuwa nimeionja.

Usije. Nikikuona nitakupikia, nitakutandikia kitanda, nitasahau, na sitaki kusahau kwa sasa.

Mimi


Tarehe 16 Novemba

Dada,

Nimeheshimu ulivyosema, sikuja, wala sikupiga simu. Kama hutaki kusoma, mpe binti akusomee.

Kiungulia. Nilikuwa nacho hata wakati ule, nikakificha, nikasema ni viungo vya chakula. Sasa silali. Nimeweka matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwa, na bado naamka na uchungu kooni nikikohoa. Sauti imekwaruza, wateja wa wakili wananiuliza kama nina mafua. Wameniingiza kamera, wakasema mkono wangu ndio unaosababisha, koo la chakula limeanza kuharibika. Daktari wa huku anasema dawa zimefika mwisho wake, na anashauri wanigeuze. Wanifanyie mchepuko.

Naogopa. Kila ninayemuuliza ananiambia lake. Kuna mmoja ofisini anasema shangazi yake alifanyiwa na anacheza mpira, mwingine anasema nywele zitaisha kichwani. Wewe ndiye mtu pekee ninayemjua anayeishi nao. Najua sina haki ya kukuuliza. Nakuuliza hivyo hivyo. Ukweli wenyewe ukoje? Nifanye au nisifanye?

Na kuna jambo jingine linanisumbua. Kama ningekuambia yote wakati ule, ungechagua nini?

Kitinda


Tarehe 4 Desemba

Kitinda,

Nilisoma mwenyewe, sikumpa binti. Haya ya kwetu sitaki ayarithi.

Jibu la kwanza nililokuandikia lilikuwa tamu. Niliandika kwamba mchepuko ni raha tupu, nakula chochote, nenda kasaini. Sikutumia neno hata moja la kupimwa, niliandika uongo mzito wa kutosha. Nilipata furaha mbaya sana nikiuandika. Kisha nikafikiria umelala kwenye sakafu ya ofisi, watu wamekuzunguka, hujui kinachokupata. Nikaichoma kwenye jiko. Nilikuwa na hasira ya kutosha, ila nilishindwa kuwa wewe.

Basi sikiliza, nakupa yote.

Kiungulia kitakwisha. Kwangu kilikwisha kabisa na hakijarudi. Utalala chali kama mtoto. Kwa hilo peke yake nadhani daktari wako anakushauri vizuri.

Vitu vitamu mimi vinaniangusha mpaka leo. Si kila mara kwa nguvu ile, lakini sijui lini, kwa hiyo nimeacha. Wewe inaweza isikupate. Inaweza ikakupata. Daktari wangu alisema hawezi kuahidi, na alikuwa anasema kweli, mimi nikamwona mwoga. Uliza, halafu panga kama mtu ambaye itampata.

Nywele zilinitoka sana miezi ya katikati, zikajaa kwenye kitana nikadhani nakuwa kipara. Zimerudi, nyembamba kidogo. Vidonge vya vitamini ni vya maisha, usifanye ujeuri, mimi niliviruka muda fulani nikawa napanda ngazi mbili nakaa. Maji na chakula havikai pamoja, unakunywa kabla au baadaye. Nyama ngumu inakwama, na ikikwama utajuta kuzaliwa. Gesi! Hakuna aliyeniambia habari za gesi. Shemeji yako anavumilia na hasemi neno, na mimi simwonei huruma hata kidogo.

Ngozi ya mikono inaning'inia. Magoti hayaumi. Natembea hadi sokoni na kurudi. Vidole vya mguu vinahisi, juzi nilikanyaga kokwa nikapiga kelele, kisha nikafurahi kwamba nimepiga kelele. Kwenye sherehe nakaa na sahani yenye vijiko vitatu vya chakula huku kila anayepita ananiuliza kama naumwa. Kuna siku nakaa na kulia bila sababu. Mtaalamu wa lishe anasema chakula kilikuwa rafiki yangu na nimefiwa. Nilimwambia rafiki yangu hakuwa chakula, ilikuwa kazi.

Kazi nayo nikuambie. Sasa naonja na kutema. Naweka kwenye ncha ya ulimi, naisikiliza haraka, natema kwenye sinki, nasukutua. Haifanani. Utamu wa mwanzo naupata, ule unaokuja nyuma baada ya kumeza siupati, na humo ndimo nilimokuwa nafanyia kazi yangu. Keki zangu sasa ni nzuri. Zamani zilikuwa zangu. Mwalimu mkuu ameanza kurudi, nadhani kwa utu wake tu.

Hayo ndiyo yote. Zuri sikulificha ili nikutishe, wala baya sikulificha ili nikuvute. Kufanya au kutofanya sikuchagulii. Ungeniuliza mwaka jana ningekuchagulia haraka sana, leo naogopa hata kukuchagulia rangi ya nguo.

Swali lako la mwisho. Ningechagua nini kama ungeniambia yote? Sijui. Nimelala nalo, nimeamka nalo. Siku nikiwa natembea vizuri nasema ningechagua mchepuko huu huu, na kwamba mlinisumbua bure. Siku nikiwa nimesimama pale kwenye sinki nasema mkono, na sindano zangu, na yatakayonipata yanipate. Huenda mlikuwa sahihi. Lakini operesheni hii mliichagua nyie wawili, ikafanyiwa mwili wangu, na kila nikitaka kuipenda naikuta ina alama za vidole vyenu. Mtu akijichagulia jambo gumu analibeba kwa namna moja. Akibebeshwa analibeba kwa namna nyingine, hata kama uzito ni ule ule. Shemeji yako bado hajaelewa hilo. Tunazungumza habari za umeme, na kama mlango umefungwa.

Wewe utaingia chumba kile ukijua unakokwenda. Mimi sikupata nafasi hiyo.

Niandikie tarehe yako. Nitakuja, nitakaa pembeni ya kitanda, nitakupa maji kwa kijiko, kwa sababu ni mdogo wangu na Mama hayupo. Ila ukizinduka usiniulize kama nimekusamehe. Nitakujibu ukweli.

Dada yako